Seva Nyeusi Iitwayo Naibor

Namunyak hanunui programu. Ukimtajia programu ya leseni anakutazama kama mtu anayetaka kumuuzia maji ya mvua. Seva zote mbili za hospitali yetu ndogo hapa Kitengela zinatumia Linux, na zana anazozitegemea ni za bure, zimeandikwa na watu wa mbali wasiojua hata kama kuna mji unaoitwa Kitengela. Mimi Hiram, mwenzake wa ofisi ninayemzidi miaka kumi, nilikuwa nikimcheka. Siku hizi sicheki.

Tena mashine anazipa majina ya ng'ombe: seva zetu ni Naibor na Narok. Babake, mzee Parsaoti wa Kisaju, ana ng'ombe wanaoitwa kwa ukoo: ndama hubeba jina la mamake hata akizaliwa na rangi nyingine. Hilo sikulijua. Kimaa changu ni cha sokoni. Najua naibor ni nyeupe na narok ni nyeusi, basi.

Alhamisi moja alikuwa ameenda kwao kuchanja ng'ombe. Diski ya nakala za akiba ilikuwa imekufa Jumatatu, kwa hivyo aliniachia kazi moja: kunakili mfumo wa wagonjwa kutoka seva ya zamani hadi ile mpya iliyo tupu. Nitumie rsync, zana inayofanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza. Jinsi alivyoiandaa, kisichokuwa upande wa kwanza hufutwa upande wa pili. Seva ya zamani ni lile sanduku jeusi. Nikaandika: kutoka narok, kwenda naibor. Nikabonyeza, nikaenda kuchukua chai.

Niliporudi, muuguzi wetu, Sista Celine, alikuwa mlangoni anahema.

"Hiram, nitolee record ya Kakenya haraka! Ako theatre, ameletwa na kifafa ya mimba, hajitambui. Bwana yake anasema kuna dawa ilikaribia kumuua last time, lakini hajui jina. Daktari amesema tukikosa, tutaenda tu hivyo."

Nikafungua mfumo. Skrini tupu. Nikaingia kwenye seva nyeusi, nako folda ilikuwa tupu. Kisha nikaona jina lake pembeni mwa skrini: naibor. Nilikuwa nimenakili seva tupu juu ya iliyojaa.

Niliogopa, na sioni haya kusema. Wagonjwa wa miaka tisa nilikuwa nimewafuta kwa mstari mmoja, na mmoja wao alikuwa amelala juu ya meza akisubiri kukatwa.

Nilifanya kile ninachofanya kila mara mashine ikinishinda: nikataka kuizima na kuiwasha. Lakini kwanza nilimpigia Namunyak, na kidole kilikuwa juu ya kitufe aliposhika simu nikamwambia rejista ya wagonjwa imefutika.

"Umezima?"

"Bado."

"Toa mkono hapo. Hiram, toa kabisa. Ukizima, imeenda."

Nilisikia ng'ombe wakilia nyuma yake. Nikamsomea nilichoandika.

"Hiyo nyeusi ni Naibor," akasema. "Seva mama yake ilikuwa white. Ilikufa, tukazalisha hii kutoka kwake. Jina ni ya mama."

"Namunyak, mimi nitafungwa."

"Utafungwa baadaye. Andika lsof."

Akanieleza upesi kwamba faili ikifutwa wakati programu bado imeishika, haijafa. Imepotewa na jina tu, na lsof huonyesha ni programu gani imeshika nini. Nikaandika. Orodha ndefu ikashuka, na katikati yake nikaiona rejista yetu, imewekwa alama kwamba imefutwa. Lakini ilikuwa bado imeshikwa.

Hapo stima ikapotea. Jenereta yetu hulisha theatre peke yake. Betri ya seva iliyo chini ya meza ikaanza kulia, na hiyo betri hata ikiwa na afya hudumu dakika nane.

"Naisikia," Namunyak akasema. "Usikimbie. Chomeka flash, na unisomee kila herufi kabla ubonyeze."

Nikamsomea. Mara mbili nilikosea na mara mbili akanirudisha nyuma, polepole. Taa ya flashi ikawa inametameta. Nikamwomba Mungu kwa Kikuyu. Amri ilipomalizika nikaitoa flashi, na kabla sijasimama wima Naibor ikazimika.

Laptopu yangu ilikuwa na chaji. Nikafungua rejista, nikatafuta Kakenya, nikasoma jina la dawa, nikatoka mbio hadi theatre na simu bado iko hewani. Celine alikuwa akiingia na trei.

"Ceftriaxone!" nikapiga kelele. "Isiwe ceftriaxone!"

Aliinua sindano kutoka kwenye trei, imeshajazwa, akaigeuza ili nione lebo: ceftriaxone, bado haijadungwa.

"Hiram?" Namunyak aliita kwenye simu. "Hiram, umewahi?"

Celine akaichukua simu mkononi mwangu, akamwambia ndiyo.