Chaki Chini ya Viatu

Mjomba wangu alikuwa fundi viatu kwa miaka thelathini, na miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza mteja jina. Alimkagua mtu toka utosini hadi miguuni, kisha akaandika kwa chaki chini ya soli kile alichokiona: "Mama Kicheko", "Mwalimu wa Mikwara", "Miguu ya Bata". Ulimi huo wa kubandika watu majina nimeurithi mimi; masomo ya diploma ndiyo yaliyonishinda katikati.

Wiki moja baada ya kumzika, mimi na mama tulifungua kibanda chake ili tuwarudishie watu viatu vyao. Niliyasoma majina kwa sauti, wateja wakacheka huku wakifuta machozi. Mama hakucheka. Kila jozi iliondoka na mwandiko wa kaka yake, na hatua chache tu za barabarani zingetosha kuufuta.

Ikabaki jozi moja, ya "Bwana Haraka". Mwenyewe alipofika, mama aliikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Mama, mpe mtu mali yake," nikamnong'oneza. "Kwanza wala havikutoshi."

"Hivi sivitoi," akasema. "Ndivyo vya mwisho."

Yule bwana, aliyezoea kumfokea mjomba kwa kuchelewesha kazi, aliviangalia viatu vyake, akamwangalia mama.

"Naona fundi hajamaliza, dada," akasema taratibu. "Nitapitia wiki ijayo."

Hii ni wiki ya tisa. Kila Jumamosi hupita kuuliza kama viko tayari, na mama humjibu kwamba bado.