Bi Subiri, Muuza Koki Asiyekata Simu

“Gonga,” anasema. “Chukua spana yako, gonga hilo bomba nisikie.”

Ni saa mbili asubuhi. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili ameketi mbele ya kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya meza ya cherehani. Masikioni amevaa hedifoni iliyofungwa gundi ya karatasi ubavuni, na macho ameyafumba. Upande wa pili unasikika mlio mkavu, ko, ko, halafu maji yanayomwagika, halafu mwanamume anayehema.

“Hilo ni la plastiki, fundi. Si uliniambia la chuma?”

“Niliambiwa la chuma, mama. Nimelala chali chini ya sinki, tochi imezimika, maji yananiingia sikioni. Nitaona nini mimi?”

“Pole, baba. Basi usiniambie unachokiona, niambie unachokishika. Meno yake yako ndani au nje?”

Pembeni yake zimepangwa trei za mayai zisizo na yai hata moja. Kila kishimo kina kipande cha kazi ya bomba: koki, nati, kiwiko, mpira wa kuzuia maji. Anaokota kiwiko kimoja, anakipapasa kwa kidole gumba jinsi fundi anavyopapasa chake kule alikolala, kisha anabonyeza na kumtumia picha kwenye simu. “Ndicho hicho!” fundi anapiga kelele. Muda si mrefu dereva wa pikipiki wa duka atakuwa njiani nacho.

Mafundi humwita Bi Subiri. Ni muuzaji wa duka la vifaa vya bomba ambako yeye mwenyewe humaliza mwezi mzima bila kukanyaga. Anauza kwa mdomo akiwa sebuleni kwake, mlango umefunikwa kwa blanketi zito ili sauti ya jogoo wa jirani isivuke. Jogoo huvuka tu. Wateja wengine huanza kwa kuuliza hali ya jogoo huyo kabla hawajasema shida iliyowaleta.

Leo lakini Bi Subiri hana utani mwingi. Ni siku ya mwisho ya majaribio ya miezi sita ya kuuza hivi kwa simu. Mwenye duka ameahidi kumpigia kabla ya saa sita mchana kumwambia kama laini ya sauti itaendelea au itafungwa.

Ikifungwa, tatizo lake halitakuwa mshahara peke yake. Chumba cha pili amelala mama yake mzazi, aliyevunjika nyonga miaka miwili iliyopita na hawezi kusimama bila kushikwa. Mwaka jana Bi Subiri alipata kazi ya mapokezi mahali fulani. Jioni moja akarudi nyumbani, akamkuta mama sakafuni tangu mchana, mkono umenyooka kuelekea kikombe cha maji.

“Hakunilaumu hata kidogo,” anasema. “Aliniambia tu, ‘Umechelewa leo.’ Kesho yake niliacha kazi. Sasa niambie wewe, kazi gani nyingine itaniruhusu nikae hatua tano kutoka kitandani kwake?”

Ulimi wake ndio uliomlisha tangu ujana. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpokea simu wa kampuni kubwa, katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya ngazi, yeye na wanawake wawili wengine. Simu zote za jengo lile zilipita mikononi mwao. “Subiri nikuunganishe,” alisema kutwa nzima, na jina likamganda.

Kazi ile ilikuwa na mwiko mmoja. Ukishamuunganisha mtu, toka kwenye laini papo hapo, usisikie hata neno. “Kusikiliza maongezi ya watu ilikuwa sawa na kufunua chungu cha jirani,” anaeleza. “Msimamizi alikuwa akipita nyuma yetu amevaa viatu vya mpira, hatumsikii. Nilijifundisha kuondoka haraka mpaka kidole kikawa kinaondoka chenyewe.”

Kisha wakaja vijana wawili na waya mwembamba wa buluu. Bi Subiri aliwauliza, huu ni wa kompyuta, wa simu uko wapi? Wakacheka. “Mama, ndio huo huo.”

Wasiokumbuka wakumbushwe: zamani sauti ilikuwa na njia yake na kompyuta ilikuwa na yake, kama majirani wasiosalimiana. Sasa vyote vinapita njia moja. Baada ya wiki chache kila mfanyakazi alikuwa anapigiwa mezani kwake moja kwa moja, na ile mitambo ya chumba cha nyuma ya ngazi ikabebwa mabegani kama kabati bovu. Bi Subiri alipewa saa ya ukutani na maneno ya shukrani. Saa ile haifanyi kazi.

“Niliuchukia ule waya, usifanye mchezo,” anasema. “Nilikuwa nikiuona dukani nageuza uso.”

Ndio huo huo uliomrudisha kazini. Mwenye duka la vifaa vya bomba alifungua duka mtandaoni, picha zimepangwa, bei zimewekwa, kila kitu tayari. Mafundi wakaingia, wakatoka. Mikono imelowa, koki zote kwenye picha zinafanana, na aliyebahatisha alipelekewa ya saizi nyingine. Wakasema wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Basi mwenye duka akaweka kwenye ukurasa ule alama ya mkono wa simu. Fundi akiibonyeza anaongea na mtu, na mtu huyo anaona kwenye kompyuta yake kile ambacho fundi alikuwa akikitazama. Mwenye simu ya kawaida ya vitufe naye ana namba yake, na simu yake inaingia mahali pale pale.

Mtu huyo akawa Bi Subiri. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wiki za mwanzo fundi alipiga, akasalimiwa vizuri, akasema anataka valvu ya tangi. Bi Subiri akamjibu kwa ile sauti yake ya asali, “Subiri nikuunganishe na stoo,” akabonyeza, akatoka kwenye laini. Stoo haikuwa na simu. Fundi akabaki anasema na ukuta. Akapiga tena, akaunganishwa tena, mara tatu. Ya nne akapiga kwa mwenye duka, na aliyoyasema hayaandikiki gazetini.

“Nilikuwa najua kabisa stoo haina simu!” Bi Subiri anajipiga paja kwa kicheko. “Nilikuwa naijaza oda vizuri kwenye kompyuta halafu kidole, kwishney, kimeshamtupa mtu. Mazoea yana tabu, ndugu yangu.”

Hakucheka siku mwenye duka alipokuja nyumbani, akaketi kwenye kiti hiki hiki, akamwonyesha ni wateja wangapi wamekatika katikati ya maneno. Hakumfokea, na hilo liliuma zaidi. Alimuuliza tu, “Unawaunganisha na nani, mama? Mwisho wa laini ni wewe.”

Alipoondoka, Bi Subiri alijifungia bafuni akalia. Aliposhiba machozi alikwenda kumgeuza mama yake kitandani, akamsimulia yaliyomfika, akitarajia kuonewa huruma. Alikuwa amesahau mama yake ni nani.

“Hao mafundi wanalalamika wiki tatu tu?” mama yake alimuuliza. “Mimi ni mwaka wa pili huu. Kila nikianza kusema jambo, unaniwashia redio unaondoka.”

Bi Subiri anasema alibaki ameshika ncha ya shuka. Ilikuwa kweli. Aliingia, akauliza hali, akawasha redio, akatoka. Kwa akili yake alikuwa anamtunza mama.

“Nilijisikia vibaya, vibaya kweli. Nikamwambia, haya mama, sema. Akasema mpaka chai ikapoa. Habari za shamba la baba yake, habari za mwalimu aliyetaka kumuoa, naye mama akamkataa kwa sababu jamaa alikuwa na matege. Nikawa nakaa juu ya mikono yangu ili nisiinuke.”

Akaanza kukaa hivyo na mafundi pia, hedifoni masikioni na mkono wa kulia chini ya paja. Anayetaka kulalamika kuhusu mwenye nyumba alilalamika. Fundi mmoja mzee ndiye aliyemfundisha kutambua bomba kwa mlio, maana siku hiyo mzee alikuwa amesahau miwani. Hukosea bado. Mwezi uliopita alipeleka kiwiko cha chuma kwenye nyumba ya plastiki, akaomba radhi kwa wiki nzima.

Mshahara wake ni mdogo kuliko ule wa kampuni, hafichi. Ila hana nauli ya kulipa wala mtu wa kumlipa amwangalie mama. Na dukani, kati ya wateja kumi wanaochagua kwa picha tu, watatu hurudisha mzigo. Kwa walioongea na Bi Subiri, kumpata mmoja aliyerudisha ni kazi. Swali ni kama mwenye duka anaona hivyo.

Saa tano na ushee simu inaita kwenye kompyuta. Si fundi. Ni mama mtu mzima, yuko peke yake nyumbani, koki imemchomoka mkononi na maji yanapiga dari. Anapiga kelele, haeleweki.

“Dada, nipo, sikuachi,” Bi Subiri anamwambia. “Mita ya maji iko wapi? Nje? Twende wote nje. Nibebe kwenye simu hivyo hivyo.”

Hapo ndipo simu yake ya mkononi, iliyolala juu ya meza, inapoanza kutetemeka. Jina la mwenye duka linawaka. Mwandishi wa habari hizi hakuajiriwa na duka lile, lakini kalamu yake ilisimama. Bi Subiri anaitazama, anaigeuza kifudifudi, anaufinya mkono wake wa kulia chini ya paja. Simu inatetemeka tena. Anafumba macho.

“Umeona kofia ndogo karibu na mita? Zungusha kama unafunga chupa. Imekaza? Tumia kanga, shika kwa kanga. Taratibu. Mimi niko hapa hapa.”

Tunasikia maji. Tunasikia yule mama akiguna. Kisha maji yanapungua, yanakuwa matone, yanaisha. Kimya kile kinaingia sebuleni kama mgeni aliyengojewa.

“Yamenyamaza!” yule mama analia na kucheka kwa pamoja. “Mwanangu, yamenyamaza!”

Ananunua koki moja. Katika maongezi ya karibu robo saa, mauzo ni koki moja.

Bi Subiri anavua hedifoni, anajifuta jasho shingoni, anampigia mwenye duka. Anaweka sauti ya nje.

“Nisamehe bosi, nilikuwa na mteja.”

“Niliona laini imeshikwa,” mwenye duka anasema. “Mama, una ugonjwa mmoja. Unakaa nao mno.”

Bi Subiri anaisogeza simu karibu zaidi.

“Unakaa nao mno, na wote wanarudi. Wengine wanapiga wanakuta umeshikwa, wanangoja wewe. Siwezi kuendelea na mtu mmoja. Laini haifungwi. Nitafutie mwenzako.”

Anaishika meza ya cherehani kwa mikono miwili, viwiko vya bomba vinagongana kwenye trei. Halafu anaangua kilio, hana habari na mwandishi wala kalamu yake.

Mwenzake anamjua tayari. Ni mwanamke aliyekaa kiti cha pili katika chumba kile kisicho na dirisha, ambaye tangu mitambo ibebwe yuko nyumbani. Mpango wa Bi Subiri ni kumpelekea trei moja ya vipande ajifunze kuvishika, na kompyuta atakayopewa na duka. “Baadaye tumtafute na yule wa tatu. Lakini kwanza niwafundishe kukalia mikono,” anasema, na kicheko kinarudi. “La sivyo mafundi watatuua.”

Kutoka chumba cha pili inasikika sauti ya mama yake. “Wamekufukuza?”

“Hawajanifukuza, mama! Laini imebaki!”

“Basi njoo. Ile habari ya jana hukuisikiliza mpaka mwisho.”

Mwandishi alikuwa na maswali mengine. Bi Subiri anamwinulia kiganja. “Subiri kidogo,” anasema, anaufungua mlango wa chumba cha pili, anaingia. Redio iko dirishani, imekaa kimya, nguo zimeanikwa juu yake. Anavuta kigoda mpaka ubavuni mwa kitanda.

“Haya mama, niko hapa,” anasema. “Tulifika wapi?”