Mpira Ulioatamiwa na Kuku

Niliwahi kuchemsha mipira ya gofu. Afadhali niseme mwenyewe kabla hujasikia kwa majirani, maana wao huongeza kwamba niliitia chumvi. Chumvi sikutia. Nilitia magadi, ncha ya kijiko tu, kama mtu anavyofanya kwa maharage magumu, nikaiacha itokote kwenye chungu cha mke wangu mpaka maji yakawa na rangi ya uji wa mtama. Mipira ilikuwa minne. Nilipoipua, mmoja ulikuwa umepasuka na kutoa nyuzi za ndani kama utumbo, wa pili umevimba upande mmoja kama shavu la mwenye jino bovu, na miwili iliyobaki ilikuwa laini hata kidole changu kikaacha alama. Mke wangu aliinama akachungulia chunguni, akauliza kwa upole uliozidi:

"Tayari, au niongeze kitunguu?"

Sikuwa kichaa. Nilikuwa na sababu, tena ya kisomi, na nitaieleza, ingawa kila nikiieleza huwa naonekana mjinga zaidi.

Mimi si mtu wa michezo. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikapata ukarani katika ofisi moja pale Lushoto, na tangu hapo raha yangu ilikuwa kurudi nyumbani saa tisa na nusu, kuvua viatu na kukaa jikoni karibu na moto, redio upande mmoja na kikombe upande mwingine. Wenzangu walikuwa wakienda Soni kuangalia mpira wa miguu, mimi nasikiliza matokeo. Basi mkubwa wangu wa kazi alipohamishiwa kusini, aliniachia fimbo zake tatu za gofu: moja ya kichwa cha mti, moja ya chuma, na moja fupi ya kusukumia mpira shimoni. Alisema nina mgongo wa mchezaji. Baadaye niligundua kwamba lori lake lilikuwa limejaa.

Uwanja wenyewe uliachwa na wazungu, mashimo tisa mlimani, katikati ya mikaratusi. Baada ya uhuru walibaki wachezaji wachache, kisha wakabaki ng'ombe. Nyumba ya klabu ikawa ghala la mbolea. Nami nilikuwa nikienda Jumamosi moja moja, mke wangu akiniambia toka nje kidogo usije ukaota mizizi, na katika Jumamosi zote hizo sikuwahi kupita shimo la tatu. Shimo la tatu lilikuwa ng'ambo ya korongo. Ukipiga usipofikisha, mpira unateremka bondeni kwenye mashamba, na kwenye mashamba ya Lushoto kitu kikianza kuteremka hakisimami mpaka kimechoka chenyewe.

Mwaka ule mkutano wa kijiji uliamua uwanja ulimwe viazi vya ujamaa, jembe la kwanza liingie kabla ya vuli. Niliunga mkono. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kunyooka, kwa sababu viazi navipenda. Lakini nilipofika nyumbani nikaziangalia zile fimbo tatu nyuma ya mlango, na jambo likanikaa kooni: nitazeeka nikiwa mtu aliyeishia shimo la tatu. Nikamwambia mke wangu kwamba kabla ya jembe nitamaliza mashimo yote tisa, hata mara moja tu.

"Kwa mpira gani?" akauliza.

Hapo ndipo palipouma. Fimbo unaweza kurithi. Mpira unapaswa kuutafuta, na mimi nilikuwa nimekwisha kupoteza mipira yote aliyoniachia mkubwa wangu pamoja nazo.

Nilianzia duka la ushirika. Muuzaji alinisikiliza mpaka mwisho, akageuka kuangalia rafu zake, akarudisha macho kwangu. "Karani," akasema, "hapa sabuni hakuna wiki ya tatu. Wewe unataka mpira wa mabepari?" Watu wa foleni walicheka vizuri sana. Mmoja akapendekeza nipige kabichi.

Dereva mmoja wa ofisi aliniletea mpira mpya kutoka Tanga, umefungwa kwenye karatasi yake, mweupe kama jino la mtoto. Niliulipia bila kumwambia mke wangu, nikaupeleka uwanjani, nikauweka chini, nikashindwa kuupiga. Kila nikiinua fimbo nauona unapotea. Niliuokota nikarudi nao nyumbani mfukoni, mwanamume mzima, na fimbo begani. Siku ile nilijifunza kwamba kwa anayeanza mpira mzuri ni ule ambao ukipotea utalala usingizi. Ule wa ghali unakupiga wewe kabla hujaupiga.

Kwa hiyo nikaenda sokoni kwa mzee mmoja aliyewabebea wazungu mikoba ya fimbo tangu ujana wake. Wao walimwita kedi, na cheo hicho kikamganda hata baada ya wenyewe kuondoka. Siku za soko alikaa kati ya wauza mapeasi na wauza viazi kutoka Mlola, na mbele yake, juu ya gunia, palikuwa na mipira aliyookota vichakani kwa miaka mingi. Nilichuchumaa, nikaanza kuiminya mmoja mmoja.

"Unaangalia kama umeiva?" akauliza mzee.

Alininyang'anya, akanifundisha. Usitazame rangi, alisema, rangi ni kwa ajili ya bibi harusi. Tazama jeraha. Mpira uliokatwa na chuma huwa na mdomo, na mpira wenye mdomo huenda unakotaka wenyewe. Kisha uudundishe kwenye jiwe na usikilize. Mzima unasema *ko*. Uliooza ndani unasema *pu*, kama kiazi. Tukadundisha yote, wanawake wa viazi wakitutazama kwa huruma, tukapata mitatu iliyosema *ko*.

"Na kitu kingine," akaongeza wakati naondoka. "Huu ni mwezi wa saba. Mpira baridi hauruki. Wazungu waliuweka mfukoni, karibu na mwili, upate joto."

Sasa hii ndiyo sababu yangu ya kisomi. Njiani nilifikiri: ikiwa joto la mfuko linasaidia kiasi hiki, moto je? Mtu asiyesoma angeishia kwenye mfuko. Mimi nilikuwa nimesoma fizikia miaka miwili. Magadi yalikuwa ya kuondoa matope. Na kwa kuwa nilitaka kazi ifanyike mara moja, nikautia na ule mpya wa Tanga. Ndio uliopasuka.

Mke wangu aliosha chungu mara tatu kwa majivu, na mtu aliyeoa anajua maana ya hilo. Kisha akatoa hukumu. "Tafuta mmoja zaidi. Mmoja tu. Ukimaliza nao mashimo tisa, fimbo zako zitakaa ukutani juu ya redio, sitazigusa. Ukiupoteza, nyanya zangu zinahitaji miti ya kuegemea. Fimbo tatu zitatosha kwa kuanzia."

Jirani yetu wa chini alikuwa bibi mmoja mjane, mzaliwa wa Vuga, asiyekuruhusu usahau kwamba kwao ndiko walikoketi watawala. Shamba lake la maharage lilikuwa palepale chini ya korongo la shimo la tatu. Nilikwenda kwake kwa shida nyingine kabisa, kuazima kinoo, na habari ilikuwa imenitangulia.

"Hodi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kuazima chungu?"

Nikacheka, maana ukikasirika kwa yule bibi unampa kazi ya jioni nzima. Akaniingiza jikoni. Macho yangu yalipozoea giza nikaona, kando ya mafiga, vikapu vitatu vya kuku, na ndani ya kikapu cha kwanza, juu ya majani makavu, mpira wa gofu.

Unajua mambo ya kuku. Ukichukua mayai yote, kiota kikabaki kitupu, kuku anasusa, anakwenda kutagia vichakani. Ndiyo maana watu huacha yai moja. Bibi aliona hasara kuacha yai linalolika wakati mlima unamtupia mayai yasiyooza.

"Bibi, hii si mipira yangu?"

"Hayo ni mayai. Yamekuja shambani kwangu yenyewe. Moja lilinipita sikioni kama nyuki, nimeinama napalilia. Kitu kikitaka kuniua nikakiokota, ni changu."

Nikaomba nichague mmoja tu. Akaniruhusu, labda kwa udadisi. Nikaudundisha wa kwanza kwenye jiwe lake la kusagia: *pu*. "Usinidundishie mayai!" akasema. Wa pili ulikuwa na mdomo wa kutosha kula ugali. Wa tatu ulikuwa kati ya mayai, chini ya kuku mwekundu aliyekuwa anaatamia, na kuutoa kuliniacha na alama mbili za mdomo wake juu ya kiganja. Ulikuwa wa kijivu, mzima, mzee, umekwaruzwa kidogo tu. Nikaudundisha. *Ko.* Na ulikuwa na joto, joto lile hasa la mfukoni, si zaidi.

Tukapatana. Nitamletea ile miwili iliyochemshwa, ambayo ilipopoa iligeuka migumu tena lakini imepinda, ishike viota vingine. "Ila hili kuku wangu amelizoea," akasema Bibi. "Jioni liwe limerudi chini yake. Ukilipoteza nitamchukua tetea mweusi wa mkeo."

Tetea mweusi alikuwa mboni ya jicho la mke wangu. Sikumwambia. Nilishika njia ya uwanjani na mpira nimeubana kwapani ndani ya sweta, nikitembea kama mtu mwenye jipu.

Yule mzee wa mikoba alikuwa amekubali kunisindikiza. Nilipompa auguse mpira, akastaajabu. "Huu umepata joto wapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Haya, safari hii umepikiwa na anayejua kupika."

Na uliruka! Shimo la kwanza nilitumia mapigo kumi na moja, la pili tisa, na kwangu mimi hayo yalikuwa maendeleo. Tukafika la tatu. Korongo lilikuwa palepale, na chini yake maharage ya Bibi, kijani kibichi, kimya.

"Wazungu walivuka hapa kwa fimbo ya mti," akasema mzee.

"Na waliokosa?"

"Walikuwa na mipira mingine."

Nilisimama. Nikamwona tetea mweusi. Nikaziona nyanya zimeegemea fimbo zangu. Kisha nikafanya jambo ambalo naamini halikuwahi kufanywa pale tangu uwanja uchongwe: nikachukua ile fimbo fupi, nikageuka, nikaanza kuusukuma mpira kidogo kidogo kwenye njia ya mbuzi inayozunguka korongo. Mapigo niliyahesabu mpaka ishirini na mbili, nikaacha. Katikati ya njia tulikutana na wanawake wanarudi Mlola na mizigo kichwani. Walijibana ukingoni kunipisha. "Onga mshi," mzee akawasalimu kwa Kishambaa, kwa aibu. Mmoja akaitikia, akanitazama, akasema, "Pita, baba, pita na yai lako." Sikujua kama alikuwa amekwisha kusikia au alibahatisha.

Nikavuka. Mashimo yaliyofuata yalikuwa mageni kwangu, kama vyumba vya nyumba yako ambavyo hukuwahi kuingia. Kwenye la sita tulimsubiri ng'ombe ainuke. Kwenye la nane ukungu ulianza kushuka, na tulipofika la tisa, lile linaloelekea ghala la mbolea, hata miguu yangu niliiona kwa taabu.

"Tungoje upite?" nikauliza.

"Ukungu wa Lushoto?" akasema mzee. "Tungoje mpaka viazi viote."

Nikapiga. Mpira ukaingia ndani ya ule weupe ukapotea, na moyo wangu nao. Tukasikiliza. Kimya. Kisha mbele, mbali kidogo, kwenye jiwe la msingi wa ghala: *ko.*

"Mzima," akasema mzee, akaanza kutembea kuelekea sauti ile kama mtu aliyeitwa. Tuliukuta umerudi wenyewe hatua chache kutoka shimoni. Niliusukuma mara nne. Mara ya nne ukaingia. Mzee akapiga goti akautoa, akaufuta kwenye suruali yake, akanikabidhi kwa mikono miwili bila utani wowote, na hilo lilinifurahisha kuliko makofi.

Viazi vilivyopandwa pale baadaye vilikuwa vitamu. Nilivila kwa dhamiri safi. Fimbo ziko ukutani juu ya redio hadi leo. Sikucheza tena, na ukweli ni kwamba sikutamani tena. Nilirudi kwenye moto wangu na kikombe changu nikiwa mtu aliyemaliza.

Lakini jioni ile nilikuwa bado nina kiherehere. Niliteremka mbio kwa Bibi na mpira mkononi, nikamkuta mke wangu amekaa naye, wanachambua maharage, na kwa uso wake nikajua habari za tetea zimekwisha kumfikia. Sikujali. Niliwasimulia yote: korongo, ng'ombe, ukungu, ile *ko*. Nikasema mashimo tisa, mpira mmoja, na huu hapa. Bibi akaupokea, akaugeuza mbele ya moto, akaufuta kwa kanga, akaurudisha chini ya kuku mwekundu, ambaye aliutikisia mabawa na kutulia. Kisha akanitazama kuanzia viatu vyenye matope mpaka kichwani, akasema:

"Umezunguka mlima mzima na yai moja, umerudi nalo lilelile. Huyu hajainuka hapo, na Jumatano atakuwa na vifaranga."