Wiki Tano za Kumfundisha Sajini

Kwa wiki tano mimi, Kasimiro, mtu mzima mwenye wajukuu tisa, nilikuwa mgeni wa mbwa. Kila jioni, nikishamaliza kuziba pancha za baiskeli za watu hapa Aroi, nje kidogo ya mji wa Arua, Uganda, nilivaa kanzu ya kuazima juu ya suruali yangu yenye grisi, nikaenda kwa jirani yangu Kevina na kupiga hodi kana kwamba sijawahi kufika. Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa. Waliokuwa wakipita njiani walicheka mpaka wakashika mbavu. Niliwaacha wacheke, maana Kevina mwenyewe hakuwa na hata chembe ya kicheko.

Kevina ni mjane wa askari. Mwanawe wa pekee, Afedra, alisilimu akaoa msichana wa Kinubi wa Koboko, wakapata binti, Shamim. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu, Afedra akafa ajalini. Mama wa mtoto akaolewa tena mbali, na Shamim akalelewa Koboko na mama yake mkubwa, Hajati Medina. Tangu hapo Kevina amekuwa bibi wa kumwona mjukuu mara moja kwa mwaka, saa mbili tu, amekalia kiti cha wageni nyumbani kwa watu. Sasa Shamim ana miaka kumi na sita na amepata nafasi katika shule ya kutwa hapa Arua, lakini hana pa kulala. Kevina aliomba akae kwake. Aliomba mpaka mimi niliyesimama kando nikaona haya.

Wa kwanza kutumwa kuiangalia nyumba alikuwa Tahiru, mjomba wa Shamim. Alifika siku ya Ijumaa, kanzu nyeupe pe. Sajini, mbwa mchanga wa miezi saba, alichomoka nyuma ya jiko akamrukia kifuani na miguu ya matope, akamlamba shingo kwa furaha yote aliyonayo. Tahiru hakukaa. Hata maji hakuyagusa. Alisema neno moja tu, mkono tayari uko kwenye pikipiki: "Hapa mutoto ataswali wapi?"

Siku mbili baadaye Medina akapiga simu. Angekuja mwenyewe baada ya wiki tano, pamoja na msichana. "Na usifunge mbwa," alisema. "Mbwa ya kufungwa siku moja haitaonyesha mimi kitu. Mimi nataka kuona nyumba vile iko kila siku."

Nilimshauri Kevina ampeleke Sajini kijijini Ludara, kwa ndugu yangu. Akanikata jicho.

"Mbuzi yangu waliiba mara mbili," alisema. "Shamim akilala hapa, nani atabweka? Wewe?"

Mimi nikilala, hata ngoma hainiamshi.

Basi akamtafuta daktari wa mifugo, kijana aliyekuwa akizunguka kuchanja mbwa. Kijana akamweleza: mbwa akiruka, mgeni ampe mgongo, asimtazame, asimsemeshe. Miguu yote minne ikigusa ardhi, hapo ndipo mwenye mbwa ashuke chini mpaka usawa wake, amkune kifua na kumpa kitu cha kutafuna. Kevina akashika kila neno. Yule daktari nadhani alikuwa na maana ya kuchutama, lakini mwanamke wa huku akishuka chini anapiga magoti. Kevina amepiga magoti maisha yake yote, kwa wakwe, kwa padri, kwenye matuta ya karanga. Kwa hiyo akawa anapiga magoti mbele ya Sajini, anafungua mikono, na mbwa anakuja kula dagaa mkononi mwake.

Amri zote alizitoa kwa Kiswahili. Alisema Kilugbara, lugha yetu ya nyumbani, ni cha kubembeleza, na kwamba katika miaka yake ya kambini hakuwahi kumwona askari akikaidi Kiswahili. "Chini!" alikuwa akipaza sauti, na siku za kwanza aliyeshuka haraka nilikuwa mimi.

Wiki ya pili Sajini alinichania kanzu. Wiki ya tatu alianza kusitasita. Kevina naye alianza kukonda. Alifagia ua mara tatu kwa siku. Alinunua birika jipya la chai na jingine la kutawadhia, ambayo hakuruhusu mtu ayaguse, akamwomba Latifu, kijana wa bodaboda mwenye ile kanzu, amwonyeshe upande wa kibla, akaweka jiwe pale chini ya ukuta ili asisahau. Siku moja dagaa zilituishia katikati ya somo, nikainuka kwenda jikoni kuchukua nyingine. Alinirudisha kwa ukali.

"Wewe saa hii iko mugeni. Mugeni hapana ingia jikoni. Kaa!"

Nikakaa. Mbwa naye akakaa. Tukatazamana sisi wawili, wanafunzi wa darasa moja.

Kufikia wiki ya tano tulikuwa tumemjaribu kwa kila namna. Mimi na kanzu, Latifu na helmeti, jirani yetu Drani na baiskeli yenye gunia la muhogo. Sote wanaume, sote tukisalimia kwa mkono, wima. Wanawake wa jirani hupitia nyuma na mizigo kichwani, na hao Sajini aliwazoea tangu alipofumbua macho. Hakuna aliyewahesabu kuwa wageni. Hapo ndipo tulipokosea, na hakuna aliyeliona kosa hilo.

Jumapili waliyoahidi kuja, Kevina hakula. Saa nne Shamim alipiga simu kusema wameondoka Koboko. Kutoka hapo Kevina alikaa, akasimama, akaingia ndani, akatoka. Alinitaka nikae pale pale kwenye kiti changu, eti Sajini akiniona atakumbuka masomo. Kila alipogeuka, dagaa zilimwanguka kutoka mfuko wa gauni.

"Kasimiro, ikiruka?"

"Haitaruka."

"Lakini ikiruka?"

Niliinama kuokota dagaa.

Gari liliwashusha barabarani, wakaja kwa miguu. Hajati Medina ni mwanamke wa mwili mkubwa, amejifunga gurbaba, lile vazi la akina mama wa Kinubi, limepigwa pasi vizuri. Nyuma yake alikuja Shamim, mrefu, hijabu ya kijivu, na mwendo wa Afedra mtupu. Sajini akatoka mbio nyuma ya jiko.

"Chini!"

Sajini akakaa. Makalio yalikuwa yakimcheza, mkia ukifagia vumbi, lakini alikaa. Medina alisimama, akamtazama mbwa kwa muda mrefu. Kisha akasogea hatua kwa hatua, akampa Kevina mkono. Mbwa hakuinuka. Akanipa mimi mkono. Mbwa hakuinuka. Nikaona hata uso wa Kevina umeanza kulegea.

Hapo Shamim akaja mbele, akaweka begi lake chini, na kama msichana yeyote aliyelelewa vizuri, akapiga magoti kumsalimia bibi yake.

Kwa wiki tano tulikuwa tumemfundisha mbwa yule kwamba anayepiga magoti anamwita. Sajini alisimamisha masikio. Akainuka.

Sijui Kevina aliwaza nini, wala kama aliwaza. Hakupiga kelele, hakutafuta fimbo. Alijitupa chini kwa magoti yake mawili, pale vumbini, mbele ya mjukuu wake, akafungua mikono. Mbwa akasimama kati ya watu wawili waliopiga magoti, akamtazama huyu, akamtazama yule. Niliomba kwa watakatifu wote ninaowajua. Kisha akamkimbilia Kevina, akampiga kifuani kwa uzito wake wote, bibi akaanguka chali na mbwa juu yake, akilambwa uso, kitambaa cha kichwa kimemtoka. Lakini mikono yake ilikuwa imemkumbatia yule mbwa, imemkaza.

"Mama, simama," Medina alisema, na sauti yake haikuwa ya Hajati tena. "Wewe mukubwa. Unapigia mutoto magoti namna gani?"

"Siwezi simama," Kevina alisema kutoka pale chini. "Nikiachia, itaenda kwake. Kosa ni yangu. Mimi ndiyo nilifundisha yeye vibaya, mbwa haina kosa." Alikuwa analia sasa, na hakuwa na mkono wa kujifuta. "Kama munakataa, hakuna shida. Nitashika yeye hivi mpaka muende. Lakini mutoto anywe chai kwanza. Birika iko mupya. Hakuna mutu amegusa."

Niliokota kitambaa chake cha kichwa, nikakikung'uta vumbi.

Medina alimtazama, kisha akalitazama jiwe pale ukutani, upande wa kibla, na birika la kutawadhia kando yake. Akavuta kiti, kile ambacho Tahiru hakukikalia, akakusanya gurbaba yake, akakaa.

"Shamim," alisema, "simama. Ingia jikoni, tafuta sukari iko wapi, pika chai."

Msichana akainuka, akampita mbwa taratibu, akainama kidogo kupita mlango wa jikoni.

"Nyuma ya mulango," Kevina alisema, bado chali vumbini na mbwa kifuani. "Kopo ya bluu."