Dawa ya Mbuzi Kifuani kwa Mabula

Jua la Shinyanga limeshaanza kuuma, lakini Bartholomeo Mabula havui koti. Amepiga magoti nyuma ya mbuzi jike katika banda la kituo cha utafiti wa mifugo, anamkanda kiwele kwa mafuta. Kiwele kimejaa hadi mbuzi anatembea akitanua miguu. Mbuzi huyu hajawahi kuzaa. Hajawahi hata kupandwa.

"Tazama mwenyewe," Mabula anamwambia mwandishi, na maziwa yanachuruzika kweli mkebeni.

Daktari Mzungu anayeongoza kituo anasema hii ni kazi ya homoni, kitu ambacho mwili wa jike hujitengenezea akishika mimba ili kiwele kikue. Siku hizi homoni hutengenezwa kiwandani. Ikichanganywa na mafuta na kupakwa kwenye kiwele hupenya ngozi, na kiwele hukua bila mimba.

Kijijini maelezo hayo hayajafika, na yakifika nani atayasadiki? Ni kiangazi cha mwaka 1954, ng'ombe wa watu wamekauka. Mbuzi wasiozaa wanakamuliwa kituoni. Maziwa hayo yanatoka wapi, kama si kwa ng'ombe wa jirani? Watu wanasema ni bulogi, yaani uchawi, na mchawi wameshampata: ni Mabula anayewakanda.

Mabula mwenyewe aliuchochea moto huo bila kujua. Kituo kilimpa glovu za mpira, akazivua kwa kuwa mbuzi walizikataa kwa mateke. Halafu kwao, samli ikibaki mkononi mtu hujipaka. Kuifutia kwenye majani ni ufujaji. Basi kila alipomaliza kukanda, masalio alijipaka mikononi na kifuani, ngozi isipauke.

"Nilidhani mafuta ni mafuta tu," anasema. "Ngozi iling'aa, nikafurahi."

Kisha kifua kikaanza kuwasha, kikauma, kikavimba pande zote mbili. Ndiyo sababu ya lile koti, ambalo nalo limewazidishia watu shaka.

Mkewe, Nyamizi, ndiye aliyegundua. "Nilimwambia, baba Limi, tangu lini mwanamume akaota matiti? Niambie umeshika dawa ya nani, au nirudi kwetu Songwa na mtoto," anasimulia bila kumtazama mumewe. Mpaka leo hanywi maji kwa kata aliyoishika Mabula.

Kwa aibu kubwa, Mabula alikwenda kumwonyesha daktari. Daktari akashtuka, akamkataza kugusa mafuta bila glovu, ambazo sasa anazivaa hata mbuzi wakipiga mateke, akasema uvimbe huenda ukapungua wenyewe. Mambo yangeishia hapo. Lakini kesho yake alimwita tena, akamvua koti, akampima kifua kwa utepe uleule wa kupimia viwele. Sasa kumpima kumekuwa desturi.

"Namuuliza, bwana, hii itaisha lini? Ananiambia usiondoke, tuone. Tuone nini? Mbuzi naye haambiwi."

Alipoulizwa na mwandishi, daktari alisema anampima kwa kumjali tu. Pengine ni kweli. Ila hakueleza kwa nini amjali kwa utepe wa mbuzi, wala kwa nini hajampeleka hospitali ya watu.

Mabula hataki kungoja jibu. Mwezi ukiisha anahamia Geita kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu, kwa watu wasiomjua. Nyamizi amekubali kufuatana naye, mradi asiguse tena dawa ya kituo. Kinachomkosesha usingizi Mabula ni kitu kimoja. Amesikia kuwa wanaotaka kazi mgodini hupangwa mstari mbele ya daktari, vifua wazi, wenzao wote wakiwatazama. Anaomba uvimbe ushuke kabla ya siku hiyo.

"Na usiposhuka?"

Anampigapiga mbuzi mgongoni.

"Nitavua hivyo hivyo. Afadhali nichekwe na mstari mzima wa wanaume kuliko kupimwa na mmoja asiyeniambia anatafuta nini."