Chuma wa Sehemu ya Pili

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema mno, duka halijafunguliwa. Nikazunguka stendi ya mabasi ya Msamvu mara tatu ili nisionekane nina shida sana. Nilikuwa na shahada ya sosholojia na barua nyingi za maombi ambazo hazikujibiwa. Kazi niliyopata ni ya kuwaingizia watu filamu kwenye flashi.

Mwenye duka tulimwita Mkurugenzi, ingawa ofisi yake ilitosha meza mbili tu. Alinifundisha haraka. Singo ni filamu inayoisha siku hiyohiyo. Sizoni ni ile inayokufanya urudi. Iliyotafsiriwa ni ya Kichina au Kikorea ambayo mtafsiri ameifunika kwa sauti yake: anawasemea wahusika wote, anatania, na anawapa majina anayotaka.

"Msomi," akasema, "mteja atakuuliza kama mwendelezo upo. Utajibuje?"

"Inategemea, bosi, kama sehemu ya pili ina ubora wa..."

"Upo! Jibu ni upo."

Jibu hilo lilinisumbua, maana mwendelezo mwingi niliouona ingekuwa heri usingetengenezwa. Filamu zetu za nyumbani nyingi zilikuwa filamu moja iliyokatwa katikati: mtu anafungua barua, sehemu ya kwanza imeisha. Huo siuhesabu kuwa mwendelezo. Nyimbo nazo zina sehemu ya pili: msanii aliyeachwa na mpenzi katika ya kwanza anarudiwa katika ya pili, na hapo wimbo unaharibika, kwa sababu aliyerudiwa hana tena la kutuambia.

Baada ya miezi sita nilihamishiwa Dumila, kwenye chumba cha gemu cha Mkurugenzi huyohuyo. Msimamizi wa pale alinunua gemu jipya la mpira kila lilipotoka. Nikamwambia hili ni lilelile, zimebadilika jezi tu. "Dada, hata ligi ni ileile," akanijibu, "na watu wanaenda uwanjani." Nililifikiria hilo wiki nzima.

Niliporudishwa Msamvu ndipo nikakosea.

Mama Prisca alikuwa mkulima wa milimani, akishusha karoti sokoni kila Jumamosi. Baba yake alikuwa anapoteza macho, na siku hizi televisheni aliisikiliza zaidi kuliko kuitazama. Nilikuwa nimempa filamu ya Kichina ya mlinzi mmoja ambaye mtafsiri alimwita Chuma. Mzee aliirudia mpaka majirani wakaijua kwa moyo. Mama Prisca alipouliza mwendelezo, nikajibu kama nilivyofundishwa.

Jumamosi iliyofuata alirudi na flashi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umempa baba filamu gani? Chuma hayumo. Kuna Dulla tu, anapiga watu bila sababu. Baba amekaa siku nzima akimsubiri Chuma aingie. Mwishoni akasema, basi, amekufa, wananificha."

Nikaelewa, nikaona aibu. Sehemu ya pili ilitafsiriwa na mtu mwingine, naye alimwita mlinzi yuleyule Dulla. Mwenye macho angemtambua kwa sura. Mzee alikuwa na sauti na jina tu, na vyote viwili nilikuwa nimemnyang'anya.

"Mrudishie kama ilivyo, umwambie Dulla ndiye Chuma," Mkurugenzi akashauri.

"Hataamini, bosi. Wewe ungeamini?"

Akanipa maikrofoni yake ya zamani. "Basi isemee wewe, msomi. Mzigo wako huo."

Nilitafuta nakala isiyotafsiriwa, yenye maandishi ya Kiingereza chini, nikaisemea mwenyewe. Nilirekodi kila asubuhi kabla ya wateja, nikisimama kila mara kujiuliza kama Chuma angesema "tafadhali". Utani wangu haukuchekesha. Sauti ilitetemeka hadi kwenye mapigano.

Mama Prisca aliichukua kwenye flashi, kisha hakuonekana Jumamosi mbili. Nikajua nimemuudhi mzee kabisa. Ya tatu akaja anacheka.

"Baba anasema Chuma amekuwa na sauti ya kike, tena ana wasiwasi kama anadaiwa. Lakini ndiye. Anasema, huyu ndiye." Akaniwekea fungu la karoti mezani. "Sasa anataka ya tatu."

"Mama, ya tatu haikutengenezwa. Iliishia hapo."

"Basi tengeneza wewe. Picha ataifanyia nini?"

Duka lilifungwa mwezi uliopita; watu wanaangalia kwenye simu zao. Hivyo nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba, nikiwa sina hakika tena na hukumu nilizokuwa nikizitoa juu ya wanaoongeza hadithi iliyokwisha. Nilidhani wote wanafuata faida. Huenda wengine waliombwa tu na mtu aliyekuwa hajachoka kukaa na Chuma.

Ya tatu naiandika kwenye daftari, nitaisoma kwa sauti na kuirekodi kwenye simu, mzee aisikilize. Nimemfikisha Chuma nyumbani kwa mama yake baada ya miaka mingi. Amesimama mlangoni, na mpaka leo tunajiuliza, yeye na mimi, abishe hodi au aingie tu.