Mwili Umerudi

Wiki ya mashindano ya kutunisha misuli tulikuwa tunaacha kunywa maji, ngozi ishikane na msuli, kila mshipa uonekane jukwaani. Wacha nisidanganye, kiu ile niliipenda. Nilikuwa bingwa, na kwenye jimu pale Bankstown, huku ughaibuni, watu walinipisha mbele ya kioo.

Sasa figo zimekufa. Daktari anazilaumu zile sindano za kujaza misuli, pamoja na presha niliyoidharau. Siku moja nalala kando ya mashine inisafishie damu, siku inayofuata naisubiri. Maji napimiwa kwa kikombe kama mtoto. Nilikonda hadi mama, kule nyumbani Kenya, aliponiona kwenye simu akalia, akaanza kufunga kula akiniombea. Mimi siwezi kusafiri, kijijini mashine hiyo haipo. Basi akakubali kuja yeye, na magoti yake mabovu, anione kabla sijaondoka duniani. Pasipoti ilishatoka.

Jumapili moja niliamka nimefura uso. Joto la Guildford, ninakoishi, lilikuwa limenishinda, nikanywa maji ovyo, na mwili wangu hauna pa kuyatolea. Viatu vikagoma kuingia. Nikaenda kanisani na patipati za mpira.

Weh! Kina mama wakanizunguka mlangoni. "Bingwa, mwili umerudi! Mungu hajakuacha!" Mmoja akanifinya shavu. Hasira zikanipanda, nikataka kumwambia, mama, hapo unashika mkojo. Lakini shati lilinibana kifuani, jambo lililokuwa limepotea siku nyingi, na nikafurahi. Simu ilipoinuliwa kunipiga picha nikavuta tumbo ndani, nikatanua mabega, mpumbavu mimi.

Kabla sijafika nyumbani, picha ilikuwa imeshafika kwa mama.

"Mwanangu, umenawiri!" Alikuwa anacheka na kulia kwenye simu. "Leo nimefungua, nimekunywa chai na mkate."

"Mama, nisikilize..."

"Nikusikilize nini, si nimeona kwa macho yangu? Sasa mimi nije huko kufanya nini, na magoti haya? Utakuja wewe Desemba. Mbuzi nimeshamchagua."

Sikuwa nimemsikia na furaha hiyo tangu baba afe.

"Haya, mama. Nitakuja."

Jumatatu mashine ikanifyonza maji yote, nikarudi kuwa mifupa. Tangu hapo mama akitaka kuniona, namwambia kamera ya simu imeharibika.